Gari ya manyuo inapiga "kong" ukibadili gia? Ingia uvunguni kwanza, giaboksi isubiri

Kuna mlio mmoja unawapa watu wengi presha na unawatoa hela nyingi bila sababu. Upo gia ya pili, unakanyaga klachi, unaingiza ya tatu, unaachia klachi, na pale nguvu inaposhika tu unasikia kong! kutoka chini kama mtu kapiga chasisi kwa nyundo. Au upo kwenye foleni, unaweka namba moja, gari haijasogea hata hatua, ngo! Ukienda gereji ukasema tu "nikibadili gia inagonga", jibu la haraka utakalopewa ni giaboksi imekufa, tafuta nyingine ya mtumba. Naandika hii kwa sababu mara nyingi sana sio giaboksi, na kinachogonga unaweza kukijua mwenyewe kwa mikono yako, chaki, tochi na mtu mmoja wa kukusaidia.

Yaliyonikuta mimi ni haya. Nina pikapu ya mzigo, ya zamani, ile aina ya propela ndefu inayozungusha matairi ya nyuma. Ilianza kama ko ndogo nikiwa nashuka mlima Kitonga kule Iringa na gia ya pili, nikigusa mafuta ko, nikiachia ko, nikasema labda mzigo umecheza huko nyuma. Baada ya wiki kadhaa ikawa kong kila nikibadili gia. Gereji niliyoipeleka wakashusha giaboksi, wakabadili klachi pleti, presha pleti na rilisi beringi, gari ikakaa pale siku tatu, nikalipa hela ambayo ilikua ya ada ya mtoto, nikawasha, nikaweka namba moja, kong ile ile. Sio kwamba imepungua, ile ile! Kilichonisaidia ni mzee mmoja fundi wa propela, alilala chini kwenye boksi la karatasi, akashika propela kwa mikono miwili, akaizungusha huku na huku mara mbili tu, akaniambia "njoo ushike hapa". Nikashika. Nikaisikia kwenye vidole, krosi ya nyuma, ile jointi ya umbo la msalaba inayounganisha propela na ekseli ya nyuma, inacheza tak, tak, na pembeni ya vikombe vyake, vile vinavyofunika ncha zake nne, kuna unga mwekundu kama vumbi la tofali. Ule unga ni kutu, grisi iliisha siku nyingi na vile visindano vya ndani vinasagana chuma kwa chuma. Krosi yenyewe bei yake haikufika hata robo ya nilichotoa kwenye klachi.

Sasa kwa nini inagonga wakati wa kubadili gia kama tatizo sio gia? Nguvu ya injini inasafiri, inatoka kwenye flaiwili inaingia klachi, giaboksi, propela, difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli), ekseli, mpaka tairi. Kila sehemu meno yanapokutana au jointi inapojikunja lazima kuna kanafasi kidogo, bila hivyo vitu havizunguki. Ukikanyaga mafuta kila jino linasukuma upande mmoja, ukiachia mafuta mambo yanageuka, sasa tairi ndio zinasukuma injini na kila jino linahamia upande wa pili. Ule uhamaji ndio mlio. Gari nzima ikiwa salama utasikia kidogo sana au husikii kabisa. Krosi ikiisha, mauntini (mpira unaobeba injini) ikichanika, difu ikilegea, zile nafasi zinajumlishana na unazisikia zote kwa pamoja kama kishindo kimoja. Ndio maana namba moja na rivasi zinagonga kuliko zote, hapo giaboksi inazidisha nguvu ya injini mara tatu mpaka nne kabla haijafika kwenye propela, kwaiyo kile kinachocheza kinapigwa kwa nguvu zaidi.

Kabla hujalala chini, fanya jaribio hili barabarani kwa sababu lenyewe tu linaondoa nusu ya mashaka. Tafuta barabara iliyo wazi na tambarare, weka gia ya tatu, mwendo wa kama 30 hivi, alafu usiguse klachi wala gia liva, wewe gusa mafuta kidogo, achia, gusa, achia. Ikigonga kila unapogusa na kuachia, basi kubadili gia hakuhusiki kabisa, tatizo lipo kwenye kitu kinacholegea kati ya injini na tairi na mara nyingi sio ndani ya sanduku la gia. Kama haigongi hata kidogo kwenye jaribio hilo ila inalia pale tu unapoingiza gia, kabla hujaachia klachi, na mlio wenyewe ni kwaruuu na sio kong, hapo ndio tunaongelea klachi au sinkronaiza, zile pete za ndani ya giaboksi zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiliana. Hiyo milio miwili watu wanaichanganya sana wakifika kwa fundi, wanasema zote "inagonga". Mwambie fundi kwa usahihi, inagonga lini, gia gani, mguu wako upo wapi wakati huo. Fundi mzuri atakupenda kwa hilo.

Na kama inalia tak tak tak tak ukikata kona huku umekanyaga mafuta, hiyo ni habari nyingine, ni sivi jointi ya nje, ile jointi ya upande wa tairi kwenye draivu shafti za gari zinazovutwa na tairi za mbele.

Usalama kwanza na hapa naomba unisikilize. Usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama unachungulia tu. Jeki inanyanyua, inayobeba ni stendi za chuma zilizowekwa chini ya chasisi au ekseli, matofali ya saruji hayafai maana yanapasuka ghafla bila kutoa taarifa. Weka mawe makubwa au mbao mbele na nyuma ya tairi. Pikapu nyingi na Hiace zina nafasi ya kutosha unaweza kuingia bila kunyanyua kabisa, sehemu ya sakafu ngumu iliyo sawa, na hiyo ndio nzuri zaidi kwa ukaguzi huu. Ekzozi iache ipoe kwanza.

Anza na vitu vya bure. Tairi la spea linaloning'inia chini kwa mnyororo likilegea linagonga kila gari inapovuta. Jeki iliyotupwa nyuma ya siti nayo hivyo hivyo. Ekzozi ambayo mpira wake mmoja umekatika inapiga chasisi pale injini inapoinama. Nati za tairi kaza zote. Kwa gari za springi za majani nenda kwenye yubolti, zile zinazofunga springi na ekseli, nati zikilegea ekseli nzima inajikunja kidogo nguvu inaposhika na mlio unaotoka hapo utaapa ni difu. Angalia pia bushi za springi na senta bolti. Hivi vyote ni spana na dakika kumi.

Sasa propela, hapa tukae kidogo maana ndipo penye wagonjwa wengi kwa Hilux, Hiace, Canter na gari zote za kuzungusha nyuma.

Gari ikiwa imezimwa, tairi zimezibwa kwa mawe, acha gia ya kwanza ndani. Ingia chini, mkono mmoja shika propela karibu na krosi, mkono wa pili shika ule upande mwingine wa krosi, yaani flenji ya difu, ile sahani ya chuma propela inapofungwa kwa nati, alafu zungusha mikono kinyume, mmoja huku mwingine kule, kama unakamua nguo. Krosi nzima haitoi mchezo wowote kati ya mikono yako, zote mbili zinakwenda kama kipande kimoja. Ukihisi hata kamchezo kadogo, tak, hiyo imeisha, usijipe moyo. Kisha sukuma propela juu na chini pale pale kwenye krosi kwa kutumia tairi liva, angalia vile vikombe vinne kama kuna kinachotembea ndani ya sikio lake, lile tundu kilipokaa. Unga mwekundu ni jibu tosha. Dalili nyingine inakuja kabla ya mgongano, ni ile kwi kwi kwi kwi kama ndege, unaisikia gari inapoondoka polepole na inaongezeka kasi pamoja na gari. Watu wengi wanaipuuza hiyo kwi kwi, alafu ikinyamaza wanafurahi, kumbe visindano vimeshasagika na sasa kinachofuata ni kong.

Rudia hivyo hivyo kwenye krosi ya mbele na ya katikati kama propela ni ya vipande viwili. Hizo za vipande viwili zina senta beringi, beringi iliyokaa ndani ya mpira na kufungwa kwenye chasisi. Ule mpira ukichanika propela inashuka na kupanda, gari inatetemeka ikianza kuondoka na mzigo na inagonga. Ishike isukume juu, mpira mzima unakaza, uliokufa unaiacha propela ipande kirahisi.

Kuna na yale meno ya propela yanayoteleza ndani ya mwenzake ili propela iweze kurefuka na kufupika springi zinapocheza. Yakikauka grisi yanang'ang'ania, alafu yanaachia kwa ghafla, na huo mlio unausikia zaidi unaposimama, au baada ya kusimama pale unapoanza kuondoka, ko. Kama meno hayajaliwa, dawa ni grisi tu. Tafuta kale kachuchu ka kupigia grisi, kafute vizuri usije ukasukumia mchanga ndani, piga pampu chache, usijaze mpaka ibane.

Kubadili krosi ni kazi ya nyumbani kama una vaisi na uvumilivu. Kabla hujalegeza nati hata moja chukua chaki au rangi, piga mstari unaovuka kutoka flenji ya difu mpaka sikio la propela, na kama propela ina sehemu ya kuteleza piga mstari mwingine pale pia, kwa sababu propela ilibalansiwa ikiwa hivyo, na masikio ya ncha zake mbili yana mpangilio wake, ukirudisha imekaa jino moja pembeni itatetemeka na utajua umeongeza ugonjwa. Zingira tairi kwa mawe tena kabla ya kufungua, ukishatoa propela gia haishikilii gari hata uiweke namba moja, inabaki hendibreki peke yake, na kwa gari kama Canter ambazo hendibreki inashika propela hata hiyo haisaidii. Zile za kuchomoa kutoka kwenye mkia wa giaboksi zitamwaga oili, weka beseni.

Ukiitoa, safisha kwa mafuta ya taa, toa zile klipu nne kwa koleo yake au bisibisi nyembamba, funika macho maana zinaruka. Weka kwenye vaisi, upande mmoja boksi spana ndogo kidogo kuliko kikombe, upande wa pili boksi kubwa ambayo kikombe kitaingia ndani yake, kaza vaisi polepole, kikombe kitatoka. Nyundo mbona mafundi wengi wanaitumia? Wanatumia, ndio, lakini ukigonga bomba la propela lenyewe au ukapinda sikio, krosi mpya haitakaa miezi. Kama ni lazima ugonge, gonga kikombe kwa kipande cha chuma katikati, usiguse bomba.

Wakati wa kuingiza mpya ndipo kazi inapoharibika. Ndani ya kila kikombe kuna visindano vyembamba vimepangwa duara, vimeshikwa na grisi tu. Ukiinamisha kikombe vibaya kamoja kanaanguka kanalala chini ya kikombe, wewe huoni, unakaza vaisi, unaona kikombe hakifiki mwisho na klipu haiingii kwenye mfereji wake, mtu anachukua nyundo analazimisha. Hapo umeshaua krosi mpya. Klipu ikikataa, toa kikombe, angalia, kasindano kamelala, kanyanyue kwa grisi, rudisha. Ingiza vikombe viwili vinavyotazamana kwa pamoja huku ile nyota, yaani msalaba wa katikati, imeingia kidogo kwenye vyote viwili ili iwe inashikilia visindano visianguke. Klipu zote nne zikishakaa, gonga sikio kidogo sana kwa nyundo ya plastiki ili vikombe vijisogeze nje vikae kwenye klipu, alafu ijaribu kwa mkono, inatakiwa ikunjike pande zote laini bila kukwama sehemu. Ikikwama sehemu moja usifunge hivyo hivyo.

Ukienda dukani, iwe Gerezani pale Kariakoo au Grogan kule Nairobi, nenda na krosi ya zamani mkononi, sio jina la gari tu. Gari moja ya mwaka mmoja inaweza kuwa na saizi mbili tofauti. Pima kipenyo cha kikombe na urefu wa kikombe mpaka kikombe, na zungusha ile mpya kwa vidole kabla ya kulipa. Yenye kachuchu ka grisi ni bora kwa barabara zetu za vumbi na maji, ilimradi ukumbuke kuipiga. Mimi napiga kila nikibadili oili ya injini, na nikipita kwenye maji ya kufunika ekseli napiga siku ile ile.

Kama krosi ni nzima nenda kwenye difu. Toa gia weka frii, funga hendibreki tairi za nyuma zishikwe (kama hendibreki yako inashika propela, iachie, mawe ndiyo yashike tairi), piga alama ya chaki kwenye flenji ya pinioni, gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, na nyingine kwenye nyumba ya difu zikitazamana, alafu zungusha propela kwa mkono mpaka igonge, rudisha mpaka igonge. Milimita chache pale ukingoni mwa flenji ni kawaida. Kati ya pinioni na krauni, ile gia kubwa inayozungushwa nayo, nafasi ni ndogo mno, difu nyingi za Toyota vitabu vinaandika 0.13 mpaka 0.18 ya milimita, kinachoongeza ni gia ndogo za ndani na meno ya ekseli. Alama ikitembea upana wa vidole viwili lazima kuna kitu ndani kimeliwa. Alafu shika flenji uitikise juu chini, hapo haitakiwi kucheza kabisa, ikicheza beringi ya pinioni imeisha na mara nyingi utakuta sili yake inavuja.

Onyo moja la difu. Mtu atakwambia kaza ile nati kubwa ya pinioni mchezo utaisha. Kwenye difu nyingi ndani kuna bushi ya chuma inayobonyea, na ule mkazo wa nati ndio unapanga beringi zibane kiasi gani, ukikaza kwa hasira beringi zinachemka na difu inaanza kulia uuuuu kila mwendo. Hii mpe fundi wa difu mwenye kipimo, na mwambie akuoneshe meno kabla hajakuuzia difu nyingine.

Mauntini za injini na giaboksi nazo zinadanganya watu. Mpira ukichanika injini inanyanyuka nguvu inaposhika kisha inaanguka kwenye kiti chake, kong, na unaweza kuona gia liva ikiruka na injini. Jaribio, fungua boneti, mweke mtu mwenye mguu mtulivu ndani, hendibreki juu, mguu kwenye breki, namba moja, aachie klachi kidogo tu bila mafuta mpaka injini ianze kushika, akanyage tena. Kisha rivasi, vile vile. Wewe simama ubavuni, usisimame mbele wala nyuma ya gari hata uwe unamwamini vipi huyo mtu. Injini kuinama kidogo ni kawaida, kuruka na kuanguka sio kawaida. Ukikuta mpira umelowa oili umevimba na kulainika, tafuta kwanza oili inatoka wapi, ukifunga mauntini mpya chini ya sili inayovuja utarudi kununua nyingine.

Kwa gari za kuvuta mbele, Probox, Corolla za kawaida na ndugu zake, hakuna propela ila wazo ni lile lile. Kama yako ina ile mauntini ya chini yenye umbo la mfupa, ndiyo ya kwanza kuiangalia, halafu sivi jointi za ndani, zile za upande wa giaboksi. Shika draivu shafti karibu na giaboksi izungushe na kuitikisa, linganisha kulia na kushoto, ukiona buti ya mpira imepasuka na grisi imerukia kila mahali ujue mchanga umeshaingia. Na ikiwa inagonga ukikanyaga breki pia, sio gia tu, basi nenda moja kwa moja kwenye bushi za arm za chini, tairi zima linasogea mbele na nyuma.

Haya, sasa ile kwaruuu. Injini ikiwa inanguruma taratibu kwenye frii, kanyaga klachi mpaka chini kabisa, hesabu mpaka tano, ingiza rivasi. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii vizuri. Zima injini ujaribu gia zote, zikiingia laini gari ikiwa imezimwa na zinakataa ikiwashwa, giaboksi haina kosa. Angalia kikopo cha mafuta ya klachi kama kimepungua, kisha vua kile kimpira cha silinda ya chini ya klachi pale pembeni ya giaboksi, kikiwa kimelowa ndani silinda inavuja. Pedali inayoshuka laini na kupata nguvu ukiipampu mara tatu nne ina upepo ndani, mtu anapampu anashikilia, wewe unafungua kanati ka kutolea upepo, mapovu yanatoka, unafunga kabla hajaachia mguu, mnarudia mpaka yatoke mafuta matupu, na kikopo cha juu kisikauke katikati ya kazi. Gari ambazo klachi yake ni ya waya unakaza adjasta, ukiacha pedali ina uhuru kidogo pale juu. Klachi pleti yenyewe ina springi ndogo za kupunguza mshtuko, zikivunjika zinagonga wakati wa kuondoka, lakini hizo huwezi kuziona bila kushusha giaboksi, kwaiyo siku ukiishusha kwa sababu yoyote itikise pleti uzisikilize.

Oili ya giaboksi ni ya kuangalia kabla ya kumhukumu mtu yeyote. Legeza nati ya kujazia kwanza kabla hujafungua ya kumwagia, maana ukimwaga alafu ukakuta ya kujazia imeshika kutu gari inabaki hapo hapo. Oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu gari ikiwa imesimama sawa. Nati ya chini nyingi zina sumaku, ukikuta ugoro laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, ukikuta vipande vya chuma vinavyoshikika kwa kucha, hapo kuna jino linakatika. Na usijaze kile kilichopo dukani tu kwa kuwa kimeandikwa oili ya gia. Soma kitabu cha gari, GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia, giaboksi nyingi za manyuo zinataka GL-4, difu nyingi zinataka GL-5, na GL-5 kwenye giaboksi isiyoitaka inaweza kuzila zile pete za shaba za sinkronaiza au kuzifanya ziteleze, gia zikaanza kukwaruza.

Giaboksi yenyewe ndio mgonjwa pale gia moja tu inakwaruza, mara nyingi ya pili au ya tatu, nyingine zote safi na klachi umeshaihakiki. Au gia inaruka kurudi frii ukiachia mafuta. Au kuna muungurumo kwenye frii unaopotea ukikanyaga klachi, hiyo ni beringi ya shafti ya kuingilia. Hapo sawa, ishushwe, na wakati iko chini badili na sili.

Ukimaliza rekebisho lolote rudi kwenye lile jaribio la gia ya tatu, gusa achia, gusa achia, barabara ile ile. Mimi baada ya krosi mpya kong iliondoka ila ikabaki ko ndogo kwa mbali, na siku hizo nilikua nimeshachoka kulipa nikasema hiyo nitaishi nayo. Jumamosi moja nikaingia chini na spana tu kukagua nati za propela nilizozifunga wiki iliyopita, zilikua zimekaza, nikaendelea nyuma kwenye yubolti, nati mbili za upande wa kulia zikazunguka kwa mkono mmoja bila kutumia nguvu. Nikazikaza zote nne kwa kupishanisha, nikawasha, nikapakia magunia, nikashuka Kitonga tena na gia ya pili. Kimya.